Maharage ya Ndivani

Ukiomba mvua, toka ndivani.

Jana mliisikia methali hii jikoni mwa kanisa, mlipokuwa mnachambua mahindi ya makande ya sikukuu ya mavuno. Kijana mmoja wa kwaya, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa mama yake ni jirani yangu, alitangaza mbele ya watu kwamba suala la mchumba amemwachia Mungu, kabisa kabisa. Mama mmoja aliyekuwa anakoroga sufuria, bila hata kugeuka, akamjibu: "Ukiomba mvua, toka ndivani." Wanaojua kwamba kijana yule ana barua za wasichana watatu chini ya godoro walicheka mpaka wakashika mbavu. Wengine mkacheka kwa kufuata mkumbo. Leo mmenijia, mnauliza ndivani ni wapi, na anayetoka huko anakwenda wapi.

Basi kaeni. Na wewe uliyesimama mlangoni, ama ingia ama toka, upepo unanizimia moto. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Kulikuwa na kijiji kikiitwa Kwamrisha, juu katika milima ya Upare, mahali ambapo mashamba yameshikilia mlima kama mtoto anavyoshikilia mgongo wa mama. Juu ya mashamba hayo palikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa kwa mikono, limezungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Usiku kijito kililijaza. Asubuhi mwenye zamu alichomoa kizibo cha mti kilichokuwa chini ya ukuta, maji yakashuka kwa mfereji hadi shambani kwake. Kwamrisha nzima ilikula, ilinywa na kuoa kwa ajili ya ndiva ile.

Lakini ndiva si shimo tu. Kila mwaka kabla ya mvua, mkuu wa ndiva alipanda juu ya ukuta akapuliza pembe ya tandala, na kila nyumba ilitoa mtu. Kazi hiyo ya wote iliitwa msaragambo. Walizoa tope la zamani, kisha wakaingia ndani bega kwa bega, wakaukanyaga udongo wa mfinyanzi kwa miguu mitupu huku wakiimba, mpaka chini pakawa pameshikamana kama kitako cha chungu. Ndiva isiyokanyagwa ni tenga: utaimiminia mto mzima na hutabaki na kikombe. Sheria nyingi zilikuwepo juu ya maji yale, za zamu, za kuiba maji, za mbuzi wa faini. Sheria ya kukataza kulima ndani ya ndiva haikuwepo. Nani angefikiri kulima ndani ya maji?

Ukaja ukame. Mwaka wa kwanza mvua ilichelewa, watu wakasema itakuja. Mwaka wa pili ilichungulia ikapita, kama mgeni aliyekosea nyumba. Mwaka wa tatu haikuonekana. Kijito kikawa njia ya mijusi, na pembe ya tandala ikaning'inia ukutani kwa mkuu wa ndiva, buibui wakijenga ndani yake.

Sasa nimlete mwenye hadithi. Naelijwa, ambaye watu walimwita Mama Anaeli kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa na watoto wanne, mume aliyekuwa mbali akikata mkonge huko tambarare, na mdomo ambao miaka mitatu ya jua haikuweza kuukausha. Alikuwa amezika mtoto wa tano. Alikuwa ameunguliwa na nyumba. Kila alipoanguka aliinuka na mzaha mpya mkononi, kama mtu anayeokota kuni. Jumapili alikaa benchi la mbele, si kwa utakatifu, bali kwa sababu, alisema mwenyewe, huko nyuma watu wanamchekesha.

Na ukweli usemwe, maana methali hii haianzi na malaika: wazo la kulima ndivani lilikuwa lake. Siku moja alishuka na kibuyu kutafuta tone la mwisho. Maji hakuyapata, ila alipokwangua udongo kwa kisigino alikuta, chini ya ukoko uliopasuka, unyevu wa kina cha kiganja. Akasimama akautazama. Akarudi nyumbani, akaleta maharage aliyokuwa ameyaficha juu ya dari penye moshi, akapanda.

Wiki ile ile kila mtu alitaka kipande. Mkuu wa ndiva, Zefania, aliyekuwa mdogo wa mume wa Naelijwa na kwa hiyo shemeji yake, akagawa kwa kamba, nyumba kwa nyumba. Yeye mwenyewe alichukua kipande cha penye kizibo, kwa heshima ya cheo, ambapo kwa bahati njema sana ndipo palipokuwa na unyevu mwingi kuliko pote. Mwinjilisti Yoeli, mchungaji wa watu wale siku zote ambazo mchungaji hakuweza kupanda mlima, alipewa pembeni mwa ukuta, akapanda maboga.

Baada ya wiki saba, mahali pekee pa kijani Kwamrisha palikuwa ndani ya ndiva. Watu walikwenda kutazama tu, wakirudi wameshiba macho.

Ndipo Mwinjilisti Yoeli akaitisha Jumapili ya kuombea mvua. Kanisa lilijaa. Walioacha kuja walikuja. Waliokuja siku zote walikuja mapema. Wakafumba macho, kila mtu akaomba kwa sauti yake, na Naelijwa akaomba kwa nguvu kuliko wote.

"Ee Bwana, tuletee mvua. Tazama watoto hawa. Tazama ng'ombe waliokwisha. Fungua mbingu, Bwana, usikawie." Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayemnong'oneza muuza duka: "Ila, Bwana, maharage yamebakiza wiki nne. Nne tu. Baada ya hapo, ni wewe sasa."

Akajisikia. Masikio yake mwenyewe yalimkamata. Kicheko kikamtoka puani, akakibana kwa khanga, kikatokea kwingine. Mwisho alicheka hadharani, katikati ya maombi, na kanisa likanyamaza.

"Mama Anaeli," Mwinjilisti akasema, macho bado ameyafumba, "una shida?"

"Ninayo, Mwinjilisti."

"Shida ya kucheka?"

"Hiyo hiyo. Nimemwomba Mungu alete mvua, halafu nimemwomba asiilete."

Macho yote yakafunguka. Zefania, aliyekaa upande wa wanaume, akasafisha koo. "Shemeji, kaa chini. Kanisani si mahali pa utani."

"Sitanii, shemeji. Au natania, lakini ni kweli." Naelijwa akageuka akawatazama. "Nauliza tu. Nani humu anaomba mvua inyeshe leo? Leo hii, kabla hatujafika nyumbani. Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mkono wa Mwinjilisti ulianza kupanda, kwa kuwa alikuwa mwinjilisti. Ulipofika usawa wa bega ukakumbuka maboga, ukaishia kukuna sikio.

"Maharage yana maua na vitumba!" Zefania akasema. "Wiki nne si kitu. Tuvune, ndipo tukanyage ndiva, ndipo mvua ije. Kila kitu kwa utaratibu."

"Kwa utaratibu wa nani?"

Hapo ndipo aliposema mama yao. Namaanisha mama yake Zefania, mkwe wa Naelijwa, Bibi Nakunda, mwanamke aliyekuwa amekanyaga udongo wa ndiva ile tangu alipokuwa bibi harusi na ambaye hakuna mtu aliyekumbuka kusifiwa naye. Hakusimama. Aligonga sakafu kwa fimbo.

"Udongo mkavu haukanyagiki," alisema. "Zefania, wewe unajua, baba yako alikufundisha. Unyevu uliobaki mle unatosha kitu kimoja. Ama udongo unywe, ama maharage yanywe. Na sasa hivi, tunavyoongea, maharage yanakunywa."

"Na mvua isipokuja, mama?" Zefania akauliza, na sauti yake haikuwa ya ubishi tena. "Tukiyang'oa, na isije? Watoto watakula udongo uliokanyagwa?"

Msimcheke. Halikuwa swali la mjinga. Ndilo swali lililokuwa limekaa juu ya kila benchi siku ile.

"Sijui, shemeji," Naelijwa alisema. "Ninachojua ni kwamba tumekuja kumwambia Mungu aingie, na wote tumeegemea mlango asiingie. Mimi kesho naondoka mlangoni pangu. Sikulazimishi."

Jumatatu alikwenda na kapu. Kung'oa gugu ni kazi ya mkono. Kung'oa chakula ni kazi ya tumbo, na tumbo lake lilikataa. Mashina yalikuwa laini, maua meupe, vitumba vidogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Alishika shina la kwanza akaliachia. Akalishika tena. Akasema, "Bwana, kama unatazama, tazama na hili," akavuta.

Jioni ile watoto wake walikula majani ya maharage na vitumba vyake, chungu kizima, wakafurahi wakaomba waongezwe. Hawakujua kwamba wanakula chakula cha mwezi ujao.

Kesho yake akaanza kukanyaga kipande chake, peke yake, katikati ya kijani cha wenzake. Alikanyaga akiimba. Wanawake waliokuja kupalilia walimtazama wakatazamana.

"Mama Anaeli! Ngoma ya nani hiyo, isiyo na mpigaji?"

"Mpigaji yuko njiani, mwenzangu! Mimi natangulia kujifunza hatua!"

Mchana alikuwa hivyo. Lakini jua lilipokuwa linazama na njaa inaamka, Anaeli, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye macho ya kuuliza, alimkuta mama yake ameketi nyuma ya nyumba akijikanda miguu, bila mzaha wowote usoni.

"Mama, Mungu alikuambia mvua itakuja lini?"

"Hakuniambia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Yeye hajasema lini. Mimi ndiye niliyesema nangoja. Neno ni langu, mwanangu. Niliache njiani siku ya pili?"

Siku ya tatu alisikia fimbo ikigonga mawe ya ukuta. Bibi Nakunda alishuka ndani ya ndiva, akaenda kwenye kipande chake, akang'oa maharage shina moja moja, polepole, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umekwisha kukubaliana na ardhi. Alipomaliza akaitupa fimbo, akamshika mkwewe begani, akaanza kukanyaga.

"Unakanyaga kwa vidole," alimwambia Naelijwa. "Kanyaga kwa kisigino. Miaka kumi na minne umeolewa kwetu, hujui kukanyaga?"

Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kumpa, na Naelijwa aliipokea kama taji.

Siku ya nne alikuja Mwinjilisti Yoeli. Aliyabeba maboga yake machanga mikononi kama watoto wa kubatizwa, akayaweka juu ya ukuta, akakunja suruali. Siku ya tano zilikuja nyumba sita. Siku ya nane, kijani chote ndani ya ndiva kilikuwa kimebaki kipande kimoja, kile cha penye kizibo. Cha Zefania.

Na pale ndipo penyewe. Ukikanyaga ndiva yote ukaacha penye kizibo, umefinyanga chungu kizuri chenye tundu chini.

Watu walitaka wakang'oe kwa nguvu. Naelijwa akawakataza. Alikwenda peke yake, akamkuta shemeji yake ameketi ukutani akilinda maharage yake kama mtu anayelinda maiti.

"Umekuja kuning'olea?"

"La, shemeji. Nimekuja kuuliza tu. Kijiji hiki kina mkuu wa ndiva, au kina mkuu wa maharage?"

Zefania hakucheka. Alitazama miguu yake. "Nina watoto sita," alisema. "Kaka aliponiaga kwenda mkongeni aliniambia, nakuachia mke wangu na wanne wangu. Wewe uling'oa yako, shemeji, ukaimba. Mimi nilikaa hapa nikahesabu upya. Nilikuwa nimehesabu vinywa sita vya watoto. Nikaanza kuhesabu kumi. Unataka ning'oe chakula cha vinywa kumi?"

Naelijwa alikosa pa kuweka mikono. Siku zote nane alikuwa amemwona mtu huyu kama jiwe mferejini, kumbe alikuwa amembeba yeye na watoto wake bila kusema. Akaketi kando yake.

"Kwa hiyo hata mimi nimo ndani ya maharage haya."

"Umo. Na mdomo wako."

Kisha Naelijwa akasema taratibu, "Shemeji, vinywa kumi ni mzigo mzito kwa mtu mmoja. Hata kwa mkuu wa ndiva. Mwachie Mungu japo vitano."

Zefania akainuka, akaenda zake bila kuaga.

Asubuhi ya pili yake, wakati wanawake wanachochea moto ambao haukuwa na la kupika, pembe ya tandala ililia. Miaka mitatu haikuwa imesikika. Ililia kwa mikwaruzo kwanza, ikatema buibui, halafu ikafunguka koo, mlima ukaijibu, na wazee waliokuwa hawajatoka kitandani kwa wiki mbili walitoka wakiuliza jembe langu liko wapi.

Zefania alikuwa amesimama penye kizibo, tope hadi magotini. Maharage yake yalikuwa yamelazwa juu ya ukuta, mashina yote, yamefungwa mafungu kumi.

"Msaragambo!" alipiga kelele. "Asiyekuja atatozwa mbuzi!"

"Mbuzi gani, shemeji?" Naelijwa akamwitikia kutoka juu. "Wamebaki wapi?"

"Basi atatozwa aibu! Hiyo bado ipo tele!"

Wakakanyaga kutwa. Walioweza walikanyaga, wasioweza waliimba, na walioshindwa vyote viwili walikaa ukutani wakisahihisha wengine. Jua lilipoinama, chini ya ndiva palikuwa pameshikamana na kung'aa kama mgongo wa kiboko. Wakakusanya majani makavu ya migomba wakautandikia udongo ule usipasuke, kama mtu anavyomfunika mgonjwa. Wakaenda nyumbani wakalala na njaa.

Mvua haikuja.

Haikuja kesho yake, wala wiki ile, wala iliyofuata. Walikula majani waliyoyakausha, wakachimba mizizi porini, wenye nguvu wakashuka tambarare kutafuta vibarua. Ikafika Jumapili ya nne, ile ambayo maharage yangekuwa yamekomaa. Na kana kwamba hilo halitoshi, ng'ambo ya bonde kulikuwa na kijiji kingine chenye ndiva yake, nao walikuwa wamelima humo kwa kuwaiga Kwamrisha, ila hawakung'oa. Jana yake walikuwa wameanza kuvuna. Harufu ya maharage yanayochemka ilivuka bonde asubuhi na mapema, ikaingia kanisani kabla ya Mwinjilisti.

"Leo tungekuwa tunakula," mwanamke mmoja akasema, akimtazama Naelijwa.

Naelijwa alikuwa amekonda mpaka khanga inamzunguka mara mbili. Alikuwa na maneno mengi ya kujitetea, na hakutumia hata moja.

"Tungekula, dada yangu," alisema. "Na mimi ningekula wa kwanza, maana ndiye niliyepanda wa kwanza. Nasikia harufu kama wewe. Tumbo langu limeshafika ng'ambo, limenawa mikono, limekaa mkekani. Lakini mimi nimebaki hapa. Nilisema nangoja, na bado nangoja."

Akaanza wimbo. Mstari wa kwanza aliimba peke yake, kwa sauti iliyopasuka kama ardhi yenyewe. Mstari wa pili fimbo ya Bibi Nakunda ilishika mapigo. Wa tatu walikuwa wote.

Mwinjilisti Yoeli akasimama mbele yao. "Wiki nne zilizopita," alisema, "dada yetu alituuliza swali, nami nikajikuna sikio. Leo nauliza mimi. Nani anaomba mvua inyeshe leo?"

Mikono ikainuka. Yote, wajukuu zangu. Hata mikono ambayo haikuwa na nguvu ya kuinua jembe iliinuka. Zefania aliinua miwili, na alipoulizwa baadaye kwa nini, alisema mmoja ulikuwa wa kaka yake aliye mkongeni. Hamkuwepo, nami sikuwepo, lakini kama Kwamrisha wana cha kujivunia mpaka leo, ni asubuhi ile. Hawakuwa na kitu tumboni, wala mfukoni, wala angani. Walikuwa na mikono juu tu.

Haikunyesha siku ile. Najua mlitaka inyeshe. Hata wao walitaka.

Ilinyesha Jumatano ya wiki iliyofuata, saa tisa alasiri. Wingu lilitokea nyuma ya kilele bila hodi, jeusi kama chini ya sufuria, likapasuka mara moja. Watu walikimbilia juu ya ukuta wa ndiva, wakasimama mvuani wakitetemeka, hakuna aliyetaka kukaa ndani. Kijito kilikohoa, kikatema mchanga, kikaja kikinguruma. Maji yakaingia ndivani yakapotea chini ya majani ya migomba, na kwa muda hapakuonekana chochote.

Kisha majani yakaanza kuinuka.

Yaliinuka yote pamoja, kwanza kiganja, halafu goti, halafu kimo cha mtu. Zefania alikuwa amepiga magoti penye kizibo, sikio karibu na udongo, akisikiliza kama pana tone linalovuja. Akainua kichwa.

"Inashika," alisema. Akanyoosha mkono akaonyesha. "Shemeji. Inashika."

Mvua ya maana msimu ule ilikuwa hiyo moja. Na ilinyesha kote, haikubagua. Ng'ambo ya bonde walipata matone yale yale. Watu wa ng'ambo hawakuwa wajinga: walipomaliza kuvuna walipuliza pembe yao wakaingia kukanyaga, lakini udongo ulikuwa vumbi. Mvua ilipokuja, ndiva yao ilijaa kwa kishindo, na kesho asubuhi ilikuwa tupu, maji yamepita kwenye matundu ya mizizi ya maharage.

Siku ya tatu walivuka bonde, wazee wanne, wakasimama juu ya ukuta wa Kwamrisha wakiyatazama maji. Walikuwa na jambo la kusema, nao Kwamrisha walikuwa na la kwao. Maana ndiva ilikuwa imejaa na mbegu hawakuwa nayo hata punje, walikuwa wameing'oa ikiwa maua. Na ng'ambo walikuwa na magunia ya maharage makavu, bila tone la kuyaotesha.

Naelijwa ndiye aliyeliona kwanza, akacheka kicheko kile kile cha kanisani. "Kumbe Mungu ni mtani kuliko mimi!" alisema. "Amewapa hawa mbegu, akatupa sisi maji, ili mtu yeyote asipate cha kuringia."

Wakakubaliana palepale. Ng'ambo walileta mbegu, Kwamrisha wakatoa maji na mashamba ya chini ya mfereji, wakalima vijiji viwili kwa zamu moja, wakavuna wote. Watoto kumi wa nyumba zile mbili walikula, na aliyerudi kutoka mkongeni aliwakuta wote kumi.

Lakini siku ile pale ukutani, kabla hawajaagana, mzee mmoja wa ng'ambo aliuliza swali lililokuwa likimwasha.

"Ndugu zetu, nasi tuliomba. Tuliomba Jumapili ile ile, tukafunga pia. Ninyi mliomba kwa maneno gani?"

Watu wakamgeukia Naelijwa, maana maneno yalikuwa fani yake. Naye, kwa mara moja katika maisha yake, alifunga mdomo, akamtazama shemeji yake.

Zefania, mkuu wa ndiva, mtu wa mwisho kung'oa, alipangusa tope mikononi.

"Maneno yetu yalikuwa yale yale yenu, mzee wangu," alisema. "Ila sisi tulikuwa na mwanamke aliyecheka katikati ya maombi, akatuambia ukweli. Ukiomba mvua, toka ndivani."

Ndiyo hiyo. Tangu siku ile wa ng'ambo waliibeba wakaenda nayo, ikashuka mlima, ikafika mpaka jikoni kwenu. Sasa nendeni mkamwambie yule kijana wa kwaya kwamba Mungu amemsikia, na kwamba chini ya godoro lake kuna maharage matatu yana maua. Mwambieni taratibu, asikie vizuri: ukiomba mvua, toka ndivani.